Dondoo muhimu: Changu wa kuokwa

Mwenye hamu ya chakula cha jioni kilicho chepesi, chenye kuufaa mwili na kisicholeta taabu jikoni, na atafute changu mzima wa kadiri ya kilo 1, ambaye macho yake yang'aa na matamvua yake ni mekundu, kwani samaki aliyelala hana dawa, hata akitiwa viungo vya Unguja nzima. Baada ya kumpara magamba, kumtoa matumbo na kumkausha kwa kitambaa safi, mchanje mara tatu kila ubavu, kisha mpake thomu na tangawizi zilizopondwa, manjano kidogo, chumvi na kijiko 1 cha mafuta. Ama ndimu, kwa rai yangu, ikamuliwe karibu na wakati wa kuoka, maana ukali wake ukikaa sana huikakamaza nyama. Mlaze juu ya vipande vya nyanya na vitunguu, umwoke katika joko la digrii 200 kwa dakika 25 hivi, hata nyama iliyo karibu na mwiba igeuke nyeupe na kuachana nao bila ya kulazimishwa. Asiye na joko asihuzunike: sufuria nzito yenye kifuniko, makaa machache chini na mengi juu, vyatosha kabisa.