Dondoo muhimu: Mtaalamu, andika kuhusu kazi yako

Anzia kwenye swali ambalo wateja hawaishi kukuuliza. Kwa wakili wa ardhi Tanzania ni hili: "Hati bado ina jina la marehemu baba, nianzie wapi?" Jibu hatua kwa hatua: kikao cha ukoo, mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, ndipo kwa Msajili wa Hati. Makala kama hiyo huvuta wateja kuliko sifa za ofisi yako, ambazo (tuseme kweli) hakuna anayezisoma. Tena mteja aliyeisoma atafika na cheti cha kifo mkononi. Weka tarehe kwenye makala, maana ada hubadilika. Kisa cha mteja usikisimulie hata ukificha jina. Mtaani watu wanajuana. Kabla ya kuchapisha, mpe asiye wa fani yako asome.