Lenzi ya kamera ya kukunja

SWALI: Babu aliniachia kamera ya kukunja, ya filamu za inchi 4 kwa 5, haina lenzi. Nataka kupiga picha za wazee wa mtaani. Ninunue ipi? – Msomaji, Bulla Pesa, Isiolo

JIBU: Wengi watakwambia milimita 150, na hawakosei. Mimi kwa sura za wazee ningechukua 210, usije ukamsogelea mzee hadi puani. Ila pima mvukuto wa kamera kwanza, maana 210 hukaa mbali zaidi na filamu: ukivutwa wote bila kufika sentimita 27 hivi, baki na 150. Duara la picha la lenzi lisipungue milimita 155, la sivyo pembe za picha zitatoka nyeusi. Kabla ya kulipa, jaribu shata kwa sekunde 1. Shata kuukuu hukwama hapo, na vumbi la Isiolo halisaidii.