Mtoto Anayetaka Kuwa Daktari wa Mifugo, na Kondoo Wako Wanaozaa



Shule zikifungwa mwezi wa Aprili, huenda kijana au binti akapiga hodi kwako na kusema: "Shikamoo mzee. Nasikia kondoo wako wako karibu kuzaa. Naomba nije nikusaidie kazi ili nijifunze, maana nataka kuwa daktari wa mifugo." Pengine ni mtoto wa jirani yako wa skimu. Pengine ni mtoto wako mwenyewe, na jambo hili hajapata kukuambia.

Wakulima wengi humjibu hivi: "Soma kwanza. Ukifika Kabete utafundishwa huko." Jibu hili si jema. Chuo cha udaktari wa mifugo cha Kabete kilianza mwaka 1962, mwaka ule ule ulipoanza mpango wa ekari milioni moja uliowapa makao wengi wa wazee wetu, kuanzia Molo na Mau Narok mpaka Ol Kalou na Kinangop. Masomo yake ni ya miaka mitano. Egerton, pale Njoro, nako hufundishwa udaktari huo siku hizi. Lakini mwanafunzi anayeingia huko bila kumwona hata kondoo mmoja akizaa ana kazi mbili: kusoma kitabu, na kuzoea damu, baridi na usiku. Huko Uingereza mwanafunzi wa udaktari wa mifugo hulazimishwa kufanya kazi mashambani kwa majuma kadhaa, na wengi hupelekwa kwa wafugaji wakati kondoo wanapozaa. Sisi tuna kondoo mlangoni, na tunawafukuza watoto wetu zizini!

Tena kuna faida nyingine. Mtoto anaweza kugundua kwamba kazi hii haipendi. Afadhali aligundue jambo hilo akiwa na miaka 17, katika zizi lako, kuliko baada ya wewe kulipa karo ya miaka mitatu.

KUHESABU SIKU

Kondoo hubeba mimba siku 147 hivi, yaani miezi mitano kasoro siku chache. Ukimtia dume kundini tarehe 1 Novemba, jike wa kwanza atazaa karibu na tarehe 28 Machi. Jike asiyeshika mimba hupata joto tena baada ya siku 17 hivi. Basi dume akikaa kundini siku 34, kila jike amepata nafasi mbili, na kazi ya kuzaa itakwisha mwanzoni mwa Mei. Kwa namna hii kondoo wako watazaa wakati watoto wako nyumbani, na nyasi za mvua zinaleta maziwa. Anayemwacha dume na majike mwaka mzima huzalisha kila mwezi, na hapati msaidizi wala usingizi.

Mpake dume rangi kifuani, nayo itabaki mgongoni mwa kila jike aliyepandwa. Mtoto anayetaka kujifunza na aje siku hizo za Novemba, si Aprili peke yake. Mpe daftari, aandike namba ya jike na tarehe. Kazi hii haina sifa, na vijana wengi huiona ya kitoto, lakini kwayo mtajua ni jike gani wa kutazamwa usiku gani.

Na uchague dume kwa akili. Dume wa Hampshire ana kichwa kikubwa na mabega mapana, na ukimpandisha kwa majike wadogo wanaozaa kwa mara ya kwanza, utaita daktari mara nyingi. Wafugaji wa chini, kwenye joto, wenye kondoo wa Kimasai, hawapati taabu nyingi ya kuzaa kama sisi wa milimani.

USIKU WA KAZI

Tuseme ni saa nane ya usiku, nawe uko Molo, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,400. Mvua inanyesha. Mtoto anakuja kukuamsha, anasema jike namba 12 amejitenga na wenzake, anaparapara chini kwa mguu, analala na kuinuka. Kiwele chake kimejaa, na mfuko wa maji umetokea. Usikimbie kumshika. Mtoto naye asimshike. Simameni mbali kidogo, mzime tochi, mtazame saa. Somo la kwanza na gumu kuliko yote ni kukaa bila kufanya kitu, kwa sababu majike wengi huzaa wenyewe, na mkono uliotiwa bila sababu huleta uchafu na homa ya tumbo la uzazi.

Maji yakisha kupasuka na jike akiwa anasukuma kwa nguvu, mngoje kwa muda wa nusu saa mpaka saa moja. Tazameni kinachotangulia. Mwanakondoo aliyekaa vizuri huja na kwato mbili za mbele, na pua yake imelala juu ya miguu hiyo. Mkiona hivyo, mwacheni mama afanye kazi yake.

Mkiona kwato mbili bila pua, au pua na kwato moja, au mkia peke yake, hapo pana taabu. Sasa mfundishe mtoto kutambua mguu kwa kuupapasa, maana huko ndani macho hayafiki. Kuanzia kwato kwenda juu, mguu wa mbele una maungo mawili yanayokunjwa upande mmoja. Mguu wa nyuma una ungo la pili linalokunjwa upande wa pili, na kisigino chake kina ncha kali. Amjaribu kwanza mwanakondoo aliye hai, mchana, akiwa amefumba macho. Akikosea mchana hakuna hasara.

Je, mtoto atie mkono ndani? Yafaa atie, lakini si usiku wa kwanza, na kamwe asifanye hivyo bila wewe kuwapo. Akate kucha, avue pete na saa, anawe mpaka kwenye kiwiko kwa sabuni na maji ya moto, avae glavu ndefu, na aipake mafuta ya kulainisha. Hapa mabinti wana jambo la kujivunia: mkono mwembamba wa msichana wa miaka 17 hupita pale ambapo mkono wa baba yake hauwezi kupita. Najua wazee wengine watasema si desturi binti kukesha zizini. Basi mama yake au kaka yake na akeshe pamoja naye. Kondoo hajui desturi.

Kama kichwa kimegeuka nyuma, mwanakondoo hurudishwa ndani polepole jike anapopumzika, si anaposukuma, kisha kichwa hutafutwa na kuelekezwa njiani. Kumvuta na kichwa kimegeuka ni kumwua, na pengine na mama yake. Anapovutwa, avutwe pamoja na kusukuma kwa mama, kwa kushuka kuelekea miguu yake ya nyuma, si moja kwa moja kama kamba ya ndoo. Mkijaribu nusu saa bila kufanikiwa, mpigieni simu daktari wa mifugo. Usione haya kwa sababu mtoto anakutazama. Kujua wakati wa kuita ni sehemu ya kazi anayojifunza.

Mwanakondoo akitoka, mwondoeni ute puani, mmsugue kwa majani makavu, kisha mmweke mbele ya pua ya mama amrambe. Kitovu kichovywe katika dawa ya ayodini. Kaminya kila chuchu mara moja mbili uone kama maziwa yanatoka, maana kuna kitu kama kizibo cha nta kinachoziba. Maziwa ya kwanza, dang'a, ndiyo ngao yake, kwa kuwa mwanakondoo huzaliwa bila kinga yoyote damuni. Anyonye ndani ya saa mbili. Akipita saa sita bila kunyonya, uko hatarini kumpoteza. Ikiwa ni dhaifu, mkamueni mama na kumnywesha kwa chupa mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo 4 atapewa mililita 200, na katika siku ya kwanza apate jumla ya mililita 800 hivi. Mwache mtoto apige hesabu hiyo mwenyewe.

Atie kidole katika mdomo wa mwanakondoo. Mdomo ukiwa baridi, mwanakondoo anakufa kwa baridi, hata kama bado amesimama. Joto la kawaida ni digrii 39 mpaka 40. Chini ya 37 ni hatari. Huku kwetu juu, baridi na njaa huua wanakondoo wengi katika siku zao tatu za kwanza, na kazi ya mtoto kukesha na kupima vidomo itarudisha gharama ya chakula utakachompa. Mama na wanawe wakae peke yao siku moja au mbili katika kizizi kidogo cha futi nne kwa nne, chenye paa na matandiko makavu, ili wajuane.

Mtoto aandike pia wale wanaozaliwa wakiwa na miguu ya nyuma isiyo na nguvu. Huenda udongo una upungufu wa madini ya shaba, lakini usimnyweshe kondoo dawa ya shaba kwa kubahatisha, kwani ikizidi ni sumu kwake. Zamani ng'ombe na kondoo wa mashamba ya Nakuru walikonda na kufa katikati ya majani mengi, mpaka Wazungu wakauita ugonjwa huo kwa jina la mji wetu, "Nakuruitis". Baadaye ilijulikana kwamba udongo ulikosa madini ya kobalti. Waliogundua mambo ya namna hii walianza kwa kuandika.

HATARI ISIYOONEKANA

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa pana maisha ya mtoto wa mwenzako.

Mwezi wa Julai mwaka 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, wanakondoo wachanga walianza kufa ghafla, na majike wakatupa mimba. Katika majuma manne hivi walikufa wanakondoo 3,500 hivi na majike 1,200 hivi. Wachunguzi Daubney, Hudson na Garnham walitoa habari zake mwaka 1931, na ugonjwa ukaitwa Homa ya Bonde la Ufa. Wachungaji wa kondoo wale waliugua homa, na baadhi ya wachunguzi wenyewe vile vile. Ugonjwa huenezwa na mbu baada ya mvua nyingi, lakini mtu huupata pia kwa kushika damu, mimba iliyotupwa au kondo la nyuma. Katika milipuko ya 1997 hadi 1998 na ya 2006 hadi 2007 watu wengi walikufa katika nchi yetu.

Kwa hiyo, jike mmoja akitupa mimba, mtoto asiguse kitu. Wawili au watatu wakitupa katika juma moja, mwambie arudi kwao siku hiyo hiyo, nawe umwite ofisa wa mifugo wa wadi. Usichinje, usiuze, usimtupie mbwa. Hata mwaka wa salama, glavu zivaliwe, sabuni iwe karibu, na mtu asile chakula zizini. Mwanamke mwenye mimba asiingie kabisa mahali kondoo wanapozaa, wala asifue nguo zilizotumika huko, maana kondoo ana magonjwa mengine pia yanayoharibu mimba ya binadamu. Kondo la nyuma lizikwe shimoni. Likichelewa kutoka, lisivutwe kwa mkono.

Na jambo la sheria. Tangu mwaka 2011 tuna sheria ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ndiyo inayowaandikisha. Kijana aliyejifunza kwako majuma manne si daktari. Asiende kwa jirani na sindano. Mwambie neno hili siku ya kwanza, mbele ya mzazi wake.

KUOMBA NA KUPOKEA

Wewe mzazi, usimtume mtoto peke yake. Nenda naye miezi miwili kabla, mkiwa na barua ya mwalimu mkuu. Kama hujui ni nani mwenye kondoo wengi, muulize ofisa wa mifugo wa wadi, au uulize kwenye josho. Mtoto aombe kazi, asiombe kutazama tu. Atafagia, atabeba maji, atabadilisha matandiko. Nawe uliyemwajiri, usimfanye mtumwa wa shamba la viazi siku nzima kisha umtake akeshe. Mpe chakula, koti la mvua na mahali pa kulala.

Alama zisipomtosha kuingia Kabete au Njoro, vyuo vya wasaidizi wa afya ya mifugo viko Kabete, Ndomba na hapa karibu Nyahururu, na daftari lake halitapotea bure huko.

Siku ya kuondoka mwandikie karatasi, aiweke pamoja na vyeti vyake. Yaweza kuwa hivi:

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mwenye shamba namba ..... katika skimu ya ..... , nashuhudia kwamba ..... alifanya kazi katika zizi langu kuanzia tarehe ..... mpaka tarehe ..... Majike ..... walizaa mbele yake. Aliwasaidia ..... kwa mkono wake nikiwapo. Wanakondoo ..... walizaliwa hai, na ..... walikufa. Sababu za vifo zimeandikwa katika daftari lake, nami nimelisoma."

Hesabu ya waliokufa usiifiche.