Tiketi ya Mwenzi: Hesabu ya Kadi na Ndege



Katika somo hili tunajibu swali ambalo wenzetu wengi wamelileta kwenye madarasa ya jioni, hasa wale wenye watoto, ndugu au wake walio kazini Ulaya na Marekani. Swali lenyewe ni hili. Mtu aliye Uingereza anaambiwa achukue kadi ya mkopo ya shirika la ndege. Akitumia kiasi fulani cha fedha kwa mwaka atapewa vocha ya mwenzi, yaani haki ya kusafiri na mtu wa pili bila huyo wa pili kulipiwa nauli kamili. Je, inafaa?

Ndugu msomaji anaweza kusema, mimi nachuma chai, kadi ya ndege inanihusu nini? Inakuhusu. Sisi wenyewe tumesikia jinsi watu wa laini wanavyopiga simu: "Dada, wenzako wanakuja wawili kwa tiketi moja, wewe unangoja nini?" Dada anaona aibu, anachukua kadi. Miezi minane baadaye fedha alizokuwa akituma nyumbani zinapungua na hakuna anayejua sababu. Kwa hiyo kabla hatujamhimiza mtu, tufanye hesabu.

Kwanza tuielewe kadi yenyewe. Ukinunua kitu kwa kadi ya mkopo, kampuni ya kadi inamlipa mwenye duka, nawe unabaki na deni kwa kampuni. Mwisho wa mwezi unaletewa hesabu. Ukilipa deni lote, hutozwi riba. Ukilipa sehemu tu, riba inaanza kuhesabiwa, na riba hiyo ni kubwa kuliko ya mikopo mingi ya kawaida. Pamoja na deni unapata pointi kwa kila paundi uliyotumia. Pointi ni ahadi ya shirika la ndege: ukizikusanya za kutosha utazibadilisha na kiti.

Tuchukue mfano unaojulikana sana, kadi za British Airways zinazotolewa na American Express nchini Uingereza, kwa masharti ya mwaka 2025. Kuna kadi isiyo na ada na kadi ya ada ya paundi 300 kwa mwaka. Zote mbili zinadai mwenye kadi atumie paundi 15,000 ndani ya mwaka wake wa kadi ndipo apewe vocha. Vocha ya kadi ya ada inadumu miaka miwili na inatumika katika daraja lolote la ndege. Ya kadi isiyo na ada inadumu mwaka mmoja, nayo ni ya daraja la kawaida tu. Zamani kadi ya ada ilidai paundi 10,000. Kizingiti kikapandishwa, na ada nayo ikapandishwa. (Katika mambo haya hakuna mkataba wa pamoja wala mezani hakuna mwakilishi. Kampuni inapanga, mteja anapewa barua.)

Sasa tumlete mfanyakazi. Tuseme ni dada anayetunza wazee katika nyumba ya kulelea wazee, mahali kama Leeds au Leicester, kwa kima cha chini cha mshahara. Kuanzia Aprili 2025 kima hicho kilikuwa paundi 12.21 kwa saa kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi. Kwa saa 40 kwa wiki, mwaka mzima, anapata karibu paundi 25,400. Baada ya kodi ya mapato na mchango wa bima ya taifa, mkononi zinabaki kama paundi 21,800. Tuseme analipa pango la chumba paundi 700 kwa mwezi, yaani 8,400 kwa mwaka. Zimebaki 13,400.

Tazameni vizuri, ndugu. Baada ya pango tu, mama huyu amekwisha kuwa chini ya paundi 15,000 zinazotakiwa. Hata akilipa kwa kadi kila mkate, kila basi, kila jozi ya viatu na kila taa anayowasha, na asitume hata senti moja nyumbani, hafiki. Wenye nyumba wengi hawapokei pango kwa kadi. Maduka madogo mengi hayapendi American Express kwa sababu ya makato yake. Fedha taslimu anazotoa kwa kadi hiyo hazihesabiwi kwenye kizingiti. Kwa kweli akitumia kwa kadi paundi 6,000 au 7,000 kwa mwaka atakuwa amejitahidi.

Basi anayetaka vocha kwa nguvu hubaki na njia mbili. Ya kwanza ni kununua vitu asivyovihitaji, televisheni kubwa zaidi, simu mpya wakati ya zamani inalia vizuri. Ya pili ni kuacha deni lisubiri. Tuseme riba ni asilimia 30 kwa mwaka, kiwango ambacho kwa kadi za Uingereza si kigeni. Deni la paundi 2,000 likikaa mwaka mzima linazaa paundi 600 za riba. Paundi 600 zikijumlishwa na ada ya 300 ni paundi 900. Kwa fedha hizo mtu anaweza kwenda kwa wakala wa tiketi akanunua nauli ya mwenzi wake waziwazi, bila vocha na bila deni.

Wazee wa mashamba ya mkonge wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Shamba moja lilikuwa na duka la kukopesha, na kila mwisho wa mwaka mwenye duka aliwapa kilo ya sukari na kitambaa wale ambao madaftari yao yalikuwa yamefika kiasi alichokitaja yeye. Mwenye daftari nene alisifiwa kuwa mteja mwema. Wake kwa waume walipanga foleni kupokea sukari hiyo, na ilichukua miaka kabla mtu mmoja hajalinganisha bei ya sukari ya duka lile na bei ya sukari mjini.

Turudi kwenye ndege, maana hesabu haijaisha. Vocha peke yake hainunui kiti. Mwenye kadi lazima kwanza awe na pointi za kutosha kujilipia kiti chake mwenyewe; ndipo vocha inamwondolea mwenzi wake deni la pointi. Pointi hizo zinaitwa Avios. Kadi ya ada inatoa Avios moja na nusu kwa kila paundi ya matumizi ya kawaida, kwa hiyo paundi 15,000 zinaleta Avios 22,500. Zitafika wapi? British Airways ilipoleta utaratibu wake mpya wa bei mwezi Desemba 2022, kwenda na kurudi New York katika daraja la kawaida, nje ya msimu wa msongamano, kulianzia Avios 50,000 pamoja na paundi 100 taslimu, na bei hizo zimepanda tangu hapo. Nairobi ni mbali kuliko New York ukipima kutoka London. Maana yake, matumizi ya mwaka mmoja hayafikishi hata nusu ya safari. Miaka miwili inaleta Avios 45,000, bado hazitoshi, na kufikia hapo muda wa vocha ya kwanza umekwisha kuanza kupungua. Kuna pointi za kumkaribisha mteja mpya, ni kweli, lakini nazo hutolewa kwa sharti la kutumia fedha nyingi katika miezi ya kwanza.

Hali kadhalika mwenzi hasafiri bure kabisa. Anasamehewa pointi, kodi na tozo za ndege analipa. Viti vya pointi katika kila ndege vina idadi yake, na mwezi wa Desemba, wakati kila mtu anataka kwenda nyumbani, huwahiwa na wale wanaopanga safari karibu mwaka mzima mbele. Tena mwenye kadi lazima awe mmoja wa wasafiri. Hili limewavunja moyo wengi: vocha haiwezi kumchukua mama kutoka kijijini akaenda kumwona mjukuu wake peke yake.

Kwa wenzetu wa nchi jirani kuna jambo jingine. British Airways iliacha kuruka Dar es Salaam mwaka 2013, na Entebbe mwaka 2015. Vocha inamfikisha mtu Nairobi. Mwenye kwao Mbale, Gitega au Goma ajumlishe basi au ndege nyingine, mizigo, na siku moja au mbili za njiani. Na akifika huku akalipia hoteli au kitu chochote kwa kadi hiyo, anakatwa asilimia 2.99 zaidi kwa sababu ametumia fedha za kigeni.

Tusiwe wakali bila haki. Wako watu ambao kadi hii inawafaa sana. Chukua mume na mke wote wana mishahara mizuri, wana gari, bima, watoto watatu wa kulisha, na pengine mwajiri anayewarudishia gharama za safari za kazi. Hao paundi 15,000 zinapita mikononi mwao bila kukusudia. Wanalipa deni lote kila mwezi. Pointi wanazo tele, na vocha wanaitumia katika madaraja ya mbele ya ndege ambako kiti kimoja kina bei ya viti kadhaa vya nyuma. Kwao vocha ina thamani ya mamia ya paundi, hata zaidi ya elfu. Kadi ilishonwa kwa vipimo vyao. Dada yetu wa Leeds akiivaa, itamburuza.

Marekani ziko kadi za masharti mepesi kidogo. Kadi ya shirika la Alaska Airlines, kwa ada ya dola 95 na matumizi ya dola 6,000 kwa mwaka, inatoa tiketi ya mwenzi kuanzia dola 122 pamoja na kodi. Tuseme tiketi ya kawaida ni dola 350. Umeokoa 228, toa ada, zimebaki 133. Lakini ziko kadi zisizo na ada zinazomrudishia mtu asilimia 2 taslimu, na kwa dola 6,000 hizo ni dola 120. Tofauti ni dola 13 na maili chache. Kwa mtu anayesafiri na mwenziwe kila mwaka pande zile ambako ndege hizo zinaruka, si mbaya. Kwa Mkongomani wa kiwanda cha nyama anayetaka kufika Bukavu, sidhani kama tunahitaji kusema zaidi.

Sasa swali ambalo kila darasa la chama lazima liulize: fedha za zawadi hizi zinatoka wapi? Sehemu inatoka kwa mwenye duka, anayekatwa kila kadi inapopita, naye huingiza makato hayo katika bei. Anayelipa kwa noti ananunua mkate kwa bei ileile na hapati pointi. Katika Ulaya, pamoja na Uingereza, sheria iliyoanza Desemba 2015 iliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa makato ambayo benki hupata katika kadi za mkopo za kawaida. Kadi ambazo American Express inazitoa yenyewe hazikubanwa na kikomo hicho, na ndiyo sababu mojawapo ya zawadi zake kubaki nono. Sehemu nyingine inatoka kwa wenye madeni. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 katika makala za Benki Kuu ya Marekani ulikadiria kwamba zawadi za kadi huhamisha dola bilioni 15 kila mwaka kutoka kwa watu wenye elimu ndogo na kipato kidogo kwenda kwa wenye elimu kubwa na kipato kikubwa. Wenye kulipa riba wanawalipia tiketi wasioilipa.

Na shirika la ndege? Linauza pointi kwa benki kwa fedha taslimu. Biashara hiyo ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2020, ndege zilipolala chini kwa ajili ya korona, United Airlines ilikopa dola bilioni 6.8 kwa kuweka rehani mpango wake wa pointi, na Delta ikakopa bilioni 9 kwa njia hiyohiyo. Tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo, United iliwasimamisha kazi wafanyakazi wapatao 13,000. Pointi zilionekana ni mali. Wapakia mizigo na wahudumu wa ndege walihesabiwa kuwa gharama.

ZOEZI. Mkae watu watano au sita, mmoja awe na kalamu. Mume na mke huko Leicester wanatumia kwa kadi paundi 900 kila mwezi na wanalipa deni lote. Kwa mwaka wamefika wapi, na wamepungukiwa kiasi gani kufika 15,000? Andikeni vitu ambavyo wangelazimika kununua ili kufidia pengo hilo, na mbele ya kila kitu andikeni kama wanakihitaji. Kisha linganisheni: kama wangeweka akiba paundi 25 za ada kila mwezi, na wakaacha kununua vitu vile, baada ya mwaka wangekuwa na kiasi gani cha nauli? Mwenye ndugu nje ampelekee hesabu hiyo kabla ya kumpigia simu nyingine. Majibu yafike kwa katibu wa tawi kabla ya somo lijalo.