MTOTO MWENYE ULEMAVU: MPIMIE NGWE YAKE

Ndugu msomaji, mkulima hamalizi shamba zima kwa siku moja. Hupima ngwe, akailima, kisha akapima nyingine. Mtoto mwenye ulemavu hufundishwa vivyo hivyo. Leo tujifunze kumpimia ngwe yake. Tunahitaji daftari na kalamu tu. Kusoma na kuandika tayari tunajua.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 4 mwenye mtindio wa ubongo. Mikono yake imekakamaa. Mama humlisha akiwa amelala chali, maana kazi ni nyingi na anadhani mtoto hataweza kula mwenyewe. Hiyo ni hatari. Chakula kinaweza kuingia katika njia ya hewa na kumpalia. Tena, mtoto hatajifunza kujilisha. Tufanye nini?

1. Mwangalie kwanza. Kwa wiki moja, andika anayoweza na asiyoweza. Mfano: "Anageuka akiitwa. Anashika kijiko. Hawezi kukifikisha mdomoni." Anza na yale anayoweza. Hapo ndipo pa kujengea.

2. Chagua jambo moja. Liwe la kumsaidia kila siku: kula, kukaa, kuvaa au kuomba kwenda haja. Baba, mama na bibi washauriane.

3. Andika lengo. Usiandike: "Mtoto apate nafuu." Hutajua lini umefika. Andika hivi: "Mpaka mwisho wa mwezi huu, mtoto atapeleka kijiko mdomoni mara 5 katika mlo mmoja, nikimshika kiwiko tu." Lengo hili linaonyesha atafanya nini, mara ngapi, kwa msaada gani na mpaka lini. Hata jirani akitazama anaweza kuhesabu.

4. Fanya kila siku. Mketishe wima. Kichwa kiinamie mbele kidogo na miguu ikanyage chini au juu ya kibao. Viringisha kitambaa kwenye mpini wa kijiko ili uwe mnene. Uji uwe mzito ili usimwagike. Mwanzoni shika mkono wake pamoja na kijiko. Akizoea, shika kifundo cha mkono, halafu kiwiko. Mwisho mwachie.

5. Weka hesabu. Kila baada ya mlo, andika amefanya mara ngapi. Akifikia lengo, ongeza. Asipofikia, usimkaripie. Ngwe ilikuwa kubwa mno. Ipunguze, iwe mara 2.

Usinakili lengo la mtoto wa jirani. Mtoto asiyesikia huenda akahitaji ishara za "maji", "chakula" na "choo". Asiyeona huenda akahitaji kujifunza kufuata ukuta mpaka mlangoni. Kila mtoto ana ngwe yake.

Mpeleke mtoto zahanati mapema ukiona anapaliwa mara kwa mara, anakohoa kila anapokula, anapata degedege, anakonda, au hawezi tena jambo alilokuwa akiliweza. Chukua na daftari. Litamweleza mhudumu wa afya mambo mengi ambayo ungeweza kuyasahau.

Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wenzake. Siku ya kumwandikisha shule, mwonyeshe mwalimu daftari hilo. Ataendelea pale ulipofikia wewe.

Ndugu msomaji, mtoto akifichwa ndani, hakuna atakayejua anachoweza. Hata wewe mzazi hutajua. Mtoe nje, mwangalie, kisha andika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini ni hatari kumlisha mtoto akiwa amelala chali?

2. "Mtoto ajue kuvaa." Lengo hili lina kasoro gani? Liandike upya.

3. Nyumbani kwako, nani anaweza kumpunguzia mama kazi ili apate nafasi ya kumfundisha mtoto?