Dola imepanda kwenye habari? Soma hivi kabla hujaagiza mzigo

Wauzaji wenzangu, hasa nyie mnaoagiza mzigo China na Dubai, hii inawahusu.

Chukua Kenya, Januari 2024. Dola moja ilikuwa imefika kama shilingi 160, wakati mwaka mmoja nyuma ilikuwa karibu 124. Kila ukiwasha redio ni Yurobondi, lile deni la dola bilioni 2 la mwaka 2014 lililotakiwa kulipwa Juni 2024. Magazeti yakauliza: je, Kenya itashindwa kulipa kama Zambia na Ghana? Swali halali kabisa. Ila lilikuwa swali, na mtaani likafika kama jibu. Mwenye dola akazifungia, anayezihitaji akazitafuta mapema, na hofu hiyo nayo ikaisukuma dola juu. Ikipanda, inakuwa habari nyingine ya kesho.

Februari serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10 (ghali, tusidanganyane), ikanunua sehemu kubwa ya deni la zamani kabla ya siku yake. Mwisho wa Machi dola ilikuwa kama 132.

Sasa piga hesabu. Mzigo wa dola 1,000 ulioununua Januari umekutoka shilingi 160,000. Jirani kanunua mwisho wa Machi kwa 132,000. Hiyo 28,000 mteja hakulipii, maana bei ya jirani anaiona kwenye simu hiyo hiyo anayokuchatia.

Na hakuna aliyejua itashuka hivyo, hata waandishi. Kichwa cha habari cha "tusubiri tuone" hakiuzi gazeti. Kwa hiyo ukisoma, tafuta kwanza tarehe: jambo lenyewe ni lini? Deni lilikuwa la Juni, bado miezi mitano. Halafu tenganisha kilichotokea na kinachoogopwa. Kiwango cha leo kwenye tovuti ya Benki Kuu kimetokea. "Huenda", "wachambuzi wanahofia", "hatarini": hayo bado.

Wakati kama huo usimalize mtaji wote kwa oda moja. Gawanya: agiza kinachotoka haraka sasa, kingine baadaye, bei ya dola ijisawazishe yenyewe. Na ukimtajia mteja bei ya oda, mwandikie na mwisho wake: "Bei hii ni hadi Ijumaa."