Mwalimu, Nirefushe Draiva?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu urefu wa fimbo za gofu. Nimechagua zile zilizoninyima usingizi.

Mwalimu, nina miaka 66 na mpira wangu siku hizi hauvuki mita 160. Muuzaji ameniambia draiva ya inchi 47 itanirudishia mita nilizopoteza. Ni kweli?

Barua za namna hii ni tano, na wote watano mmetajiwa inchi 46 au zaidi, kwa hiyo nawajibu pamoja. Kwa wengi wenu si kweli. Naomba mnivumilie nipige hesabu, kwa sababu uvumi huu unawala wastaafu akiba zao.

Tuseme kichwa cha draiva yako kinaufikia mpira kwa kasi ya kilomita 130 kwa saa, na fimbo ina inchi 45. Ukiongeza inchi moja, na mikono ikazunguka kwa kasi ileile, faida ya juu kabisa ni kama kilomita 3. Hata hizo huzipati zote, maana fimbo ikirefuka inakuwa nzito kuizungusha.

Sasa geukeni upande wa mpira. Ukiugonga katikati ya uso wa fimbo, unaondoka kwa kasi ya karibu mara 1.48 ya kasi ya kichwa: 130 inazaa 192. Ukiugonga pembeni, kwenye ncha au kisigino, unaweza kuambulia mara 1.38 tu. Hata ukiwa na zile 133 za fimbo ndefu, mara 1.38 ni 183 na ushei. Umelipia inchi moja, umepoteza karibu kilomita 9 za kasi ya mpira, na mpira wenyewe unatafutwa kichakani.

Na fimbo ndefu ndiyo inayokutoa katikati. Kila inchi inakiweka kichwa mbali zaidi na mikono, na kosa dogo la kiganja linafika chini likiwa kubwa. Juzi mzee mmoja alikuja na draiva ya inchi 46 na nusu. Nilipaka nukta ya wino wa kalamu ya ubao mweupe kwenye kila mpira, nukta ikitazama fimbo, ili wino ubaki usoni mwa draiva. Mipira kumi: alama nne kwenye ncha, tatu kisigino, mbili juu karibu na ukingo, moja katikati. Nikampa ya inchi 44 na nusu. Alama saba zilikaa mahali unapoweza kupafunika kwa kizibo cha soda. Alizitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Mwenye kasi ndogo aanze na mlalo wa uso wa fimbo. Nyuzi 12 au zaidi zitaubeba mpira hewani. Nyuzi 9 zinauangusha mapema. Kisha atafute shafti nyepesi, gramu 40 hadi 50, inayonepa vizuri. Urefu uje mwisho, na upimwe kwa alama za wino, si kwa maneno ya muuzaji.

Mbona Phil Mickelson alishinda PGA Championship mwaka 2021, akiwa na miaka 50, kwa draiva ya karibu inchi 48?

Kwa sababu anazungusha fimbo kwa zaidi ya kilomita 180 kwa saa, na kugonga katikati ndiyo kazi yake ya kila siku. Kuhusu sheria: kikomo ni inchi 48, isipokuwa puta. Tangu Januari 2022 mashindano ya ngazi ya juu yanaruhusiwa kukishusha hadi 46.

Mume wangu amenikatia seti yake ya zamani ili nianze kujifunza. Mwalimu wa klabu anasema inatosha.

Haitoshi, na nasikitika mwalimu kusema hivyo. Shafti ya mwanamume ukiikata inazidi kuwa ngumu, nawe ulihitaji inayonepa. Kichwa nacho kinapoteza uzito mkononi, husikii kiko wapi. Halafu mpira ukikataa kupanda, mama anaambiwa hana nguvu! Draiva zinazotengenezwa kwa ajili ya wanawake kwa kawaida zina inchi 44 hivi, shafti laini na mlalo mkubwa. Hata za mtumba zitakufaa kuliko hizo zilizokatwa. Mume wako ametaka wema. Mwambie hivyo, kisha mrudishie seti yake.

Fundi amerefusha fimbo zangu za chuma kwa vipande vya mti ndani ya shafti.

Usizipige tena. Mti unaweza kuipasua shafti, na kipande kikiruka kinamkuta kedi wako. Tena, fimbo ya chuma ikirefushwa bila kurekebishwa pembe yake, ncha huinuka na mpira wa mtu wa mkono wa kulia huelekea kushoto. Fundi akurudishie pesa.

Nina urefu wa mita 1.90. Si lazima nichukue ndefu?

Si lazima. Pima kutoka kifundo cha mkono hadi sakafu ukiwa umesimama wima na viatu vya kuchezea. Warefu wengi wana mikono mirefu pia, kwa hiyo mikono yao haiko mbali sana na sakafu.

Nikicheza Nairobi napiga mbali, nikirudi Mombasa mpira unaanguka. Nirefushe?

Hapana. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, ndiyo maana mpira unaruka mbali; fimbo haina kosa.

Nimeshanunua ya inchi 46. Niiuze?

Usiiuze bado, wala usiikate. Shusha mikono inchi moja kwenye mshiko, paka wino, piga mipira 20. Kisha ishike juu kabisa, piga mingine 20. Hesabu alama zilizo katikati, na umwombe kedi apime kwa hatua mipira iliyobaki kwenye feawei. Niandikie namba hizo zote kabla hujampa mtu yeyote shilingi nyingine.